Mjue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa: Mazungumzo Juu ya Wadudu wa Kabichi

  Safari iliyopita tulizungumza juu ya kitalu cha kabichi na namna ya kuhamishia miche kwenye matuta. Leo tunaendelea na kabichi hiyo hiyo, ila tunawageukia wale wanaotangulia kuila kabla yetu, yaani wadudu. Chukueni daftari na kalamu. Kama kuandika kunakupa taabu, mwite mtoto wa shule akae karibu nawe akuandikie, maana leo kuna vipimo.

Mazungumzo haya yametokea Peramiho, wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, kilomita zipatazo 24 kutoka Songea mjini. Wengi wenu mnapafahamu Peramiho kwa ajili ya misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, au kwa ajili ya hospitali yake. Lakini Peramiho ni mahali pa wakulima pia. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma kiasi cha Aprili, na wakati huo kila mtu yuko kwenye mahindi. Baridi ya Juni ikishaingia, watu huteremka mabondeni kwenye unyevu, wakalima matuta na kupanda kabichi, nyanya, vitunguu na mboga za majani. Bustani ndiyo fedha yetu ya kiangazi.

Basi, ilikuwa mwezi wa Septemba, jua limeanza kuwa kali. Mama mmoja wa huko aliniita bustanini kwake. Sitamtaja jina, maana hakuniruhusu. Alikuwa na miche 800 ya kabichi, na fedha za kabichi hizo alikwisha zipangia kazi: sare, madaftari na mchango wa chakula cha mwanawe aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza Januari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana shamba. Afadhali umekuja. Tazama mwenyewe. Dawa nimepiga mara sita, na wadudu wanazidi kunenepa tu."

Nilitazama. Kabichi zilikuwa zimetoboka kama chekecheo. Kando ya tuta kulikuwa na chupa mbili tupu za dawa na moja iliyojaa.

"Hii iliyojaa ni ya lini, mama?"

"Ni ya leo jioni. Napiga mara ya saba, halafu Jumamosi nakata zile nzuri nipeleke sokoni."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Hebu fikirini, ndugu wakulima. Dawa inapigwa Alhamisi jioni, kabichi inaliwa Jumamosi mchana. Anayeila ni mtoto wa jirani, ni mgonjwa aliyeletewa chakula hospitali, ni wewe na mimi.

Nikamuuliza, "Mama, hii dawa ni ya kuua mdudu gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Wadudu, mwanangu. Wadudu wote. Aliyeniuzia dukani alisema inaua wote."

Nikamwomba anionyeshe huyo mdudu. Akainama, akageuza jani moja, akakionyesha kidudu kirefu kidogo, cheusi cheusi, chenye madoa ya rangi ya machungwa, kina miguu sita na umbo kama la mamba mdogo. "Huyu hapa," akasema, na kidole chake kikawa tayari kumponda.

Nikamshika mkono. "Mama, huyo ni askari wako. Unamwua askari, mwizi unamwacha."

Na hapa lazima niseme ukweli. Kosa halikuwa la mama peke yake. Msimu uliotangulia mama huyo huyo alinisimamisha barabarani akaniambia kabichi zake zina wadudu. Mimi nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Nunua dawa upige." Sikuteremka bondeni, wala sikugeuza hata jani moja. Daktari hawezi kumpa mgonjwa dawa akiwa amesimama mlangoni. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na mama akalipa. Ndiyo maana leo neno langu kwenu ni moja: mjue mdudu kwanza, ndipo ufikirie dawa.

WADUDU WATATU WANAOSUMBUA ZAIDI

Kabichi ina maadui wengi, lakini mkulima akiwafahamu hawa watatu vizuri atakuwa amepiga hatua kubwa.

Wa kwanza ni sota. Huyu hushambulia miche michanga, mara tu inapohamishiwa shambani. Unaamka asubuhi unakuta mche umelala chini, umekatwa shinani kama kwa kisu. Mkulima hutazama juu ya majani, haoni kitu. Hawezi kuona, kwa sababu sota ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayefanya kazi usiku, na mchana hujificha ardhini. Ukimkuta amejikunja kama pete. Kwa hiyo asubuhi, palipokatwa mche, fukua udongo kwa kijiti kuuzunguka ule mche, kina cha vidole viwili au vitatu. Mara nyingi utamkuta hapo hapo. Mwue. Kazi hiyo haihitaji senti tano. Pia lima na kuondoa magugu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, ili viwavi waliokuwa wakila magugu wakose chakula. Kwa bustani ndogo, zungushia kila mche kipande cha karatasi ngumu au cha jani la mgomba, kizame kidogo ardhini, sota asipate njia.

Wa pili ni vidukari. Wengine huwaita wadudu mafuta. Hawa ni wadogo sana, wamekusanyika kwa mamia chini ya jani au katikati ya moyo wa kabichi. Wale wa kabichi wana rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na kijivu, na juu yao kuna ungaunga mweupe, utadhani mtu amewanyunyizia majivu. Hawatoboi jani. Wao hunyonya utomvu wake. Jani hujikunja, hugeuka manjano, na mche hudumaa. Vidukari huongezeka kwa kasi ya ajabu, kwa sababu majike huzaa watoto hai bila hata kuhitaji dume. Leo unaona kumi, baada ya siku chache unaona ukoo mzima.

Wa tatu, na ndiye aliyekuwa akimtesa mama yetu, ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Nondo mwenyewe ni mdogo, urefu wake hauzidi sentimeta moja, rangi yake ni kijivu au kahawia. Anapotua na kukunja mbawa, mgongoni huonekana alama tatu za rangi nyeupe au ya maziwa, zimepangana kama vipande vya almasi. Ndiyo asili ya jina lake. Ukipita bustanini jioni ukagusa kabichi, utamwona anaruka kidogo na kutua tena.

Nondo hadhuru kabichi. Kazi yake ni kutaga. Hutaga mayai madogo ya manjano, hasa chini ya jani karibu na mishipa. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Kiwavi mchanga huanza kwa kujichimbia ndani ya jani, kisha hutoka na kula upande wa chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu. Hapo jani huwa kama lina madirisha madogo ya kioo. Baadaye ngozi hiyo hupasuka, nayo madirisha huwa matundu. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa kiasi cha sentimeta moja tu, ni wa kijani, amechongoka mbele na nyuma. Akishiba hujifunga ndani ya kifuko cha nyuzi laini kilichogandamana na jani, na humo hugeuka kuwa nondo. Mzunguko wote huchukua kiasi cha wiki mbili hadi nne. Kukiwa na joto huwa wiki mbili, kukiwa na baridi huchelewa. Ndiyo maana kabichi ya Juni na Julai hapa Peramiho hupata nafuu, na ile ya Septemba na Oktoba hushambuliwa sana.

Namna ya kumtambua kwa hakika ni hii: mguse kwa kijiti. Kiwavi wa mgongo-almasi akiguswa hujinyonganyonga kwa nguvu, kisha hujiachia na kuning'inia kwa uzi mwembamba kama buibui. Mama alipomgusa wa kwanza na kumwona ananing'inia, alicheka. "Kumbe ndiye huyu! Huyu nilikuwa namwona mdogo, simjali."

KWA NINI DAWA MARA SITA HAIKUFAA?

Sababu ya kwanza ni kwamba mama alipiga dawa kutoka juu, na kiwavi anakaa chini ya jani. Jani la kabichi ni kama mwavuli. Dawa ilimwagika juu ya mwavuli, na kiwavi akaendelea kula kivulini.

Sababu ya pili ni kwamba jani la kabichi lina nta. Dawa iliyochanganywa na maji matupu huviringika kama umande na kudondoka chini.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Nondo huyu ni mashuhuri duniani kwa kuzoea sumu. Katika miaka ya 1950, huko Java nchini Indonesia, alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao kujulikana kuwa wameishinda dawa ya DDT. Tangu hapo amezishinda dawa nyingi za namna mbalimbali. Inakuwaje? Katika viwavi elfu, huenda wawili au watatu wakawa na asili ya kustahimili sumu fulani. Ukipiga dawa, wengine hufa, hao wawili hubaki. Hao ndio wanaozaa. Ukipiga dawa ile ile tena, unabakiza tena wagumu. Baada ya vizazi kadhaa bustani nzima ina viwavi wagumu, na wewe mwenyewe ndiye uliyewachagua. Mama alinunua dawa ile ile mara sita.

Sababu ya nne: dawa ile ya "wadudu wote" iliwaua kweli wengi, lakini ilianza na askari. Nani hao askari? Kwanza ni kile kijidudu cha duara chenye mgongo mwekundu au wa machungwa wenye madoa meusi, ambacho watoto hupenda kukichezea. Yeye na watoto wake hula vidukari kutwa. Na mtoto wake ndiye yule mwenye umbo la mamba ambaye mama alitaka kumponda! Hafanani kabisa na mzazi wake, ndiyo maana wakulima wengi humdhania adui. Askari wengine ni buibui, na nyigu wadogo sana, wadogo kuliko mbu, ambao hawamchomi mtu. Nyigu hawa hutaga yai ndani ya kiwavi au ndani ya kidukari. Yai likianguliwa, mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani. Ukiona kidukari kimevimba, kimekuwa cha rangi ya kahawia au dhahabu, kikavu, kimegandama kwenye jani, usikisumbue. Ndani yake kuna askari anayekua.

Msidhani hizi ni hadithi. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kiliwaachia nyigu wa namna hii waliotoka Taiwan kwenye mashamba ya kabichi ya Wundanyi, katika milima ya Taita, na sehemu za Limuru nchini Kenya. Nyigu walienea wenyewe, na madhara ya mgongo-almasi yakapungua sana. Lakini nyigu hawezi kuishi katika bustani inayopigwa sumu kila wiki. Askari hafanyi kazi katika nyumba inayoungua.

MKULIMA AFANYE NINI?

La kwanza, anzia kitaluni. Nondo hutaga hata kwenye miche michanga, nawe ukihamisha mche wenye mayai umehamisha na adui. Funika kitalu kwa neti yenye matundu madogo. Ila tafadhali, usichukue chandarua anacholalia mtoto ukamfunikia kabichi. Malaria ni mbaya kuliko kiwavi.

La pili, safisha bustani. Ukishavuna kabichi, usiache mashina na majani ya chini yamesimama. Hayo ndiyo nyumba ya nondo wa msimu ujao. Yang'oe, uyafukie au uyalishe mifugo. Na usipande kabichi, figili na sukuma wiki mahali pale pale mfululizo. Zote ni ukoo mmoja, na adui wao ni mmoja. Badilisha na maharage, vitunguu au mahindi.

La tatu, kagua. Hili ndilo la msingi kuliko yote. Mara moja kila wiki, asubuhi, pita bustanini kwa mwendo wa kukatakata, utazame miche 20 hapa na pale. Usitazame ya pembeni peke yake. Geuza majani, hasa yale machanga ya katikati. Andika: miche mingapi ina viwavi, mingapi ina vidukari, mingapi ina askari. Kumbuka kwamba tundu la zamani halizibiki. Jani lenye tundu halimaanishi kuwa mdudu bado yupo. Mtafute mdudu mwenyewe.

Matundu kwenye majani ya nje si msiba. Majani hayo hayaendi sokoni. Wakati wa kuwa macho zaidi ni pale kabichi inapoanza kufunga moyo, kwa sababu kuanzia hapo kila jani linaloliwa ni fedha.

La nne, tumia mikono na maji. Bustani ya miche mia chache huweza kuokotwa viwavi kwa mkono, watoto wakisaidia jioni. Ukimwagilia kwa ndoo yenye vitobo, mwagilia juu ya majani. Maji huwaangusha viwavi wadogo, kama vile mvua kubwa inavyofanya. Lakini kama kabichi zako zina ugonjwa wa kuoza, mwagilia chini peke yake.

La tano, kwa vidukari tumia sabuni. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji, au kiasi hicho cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa, kwa kila lita moja ya maji. Koroga vizuri mpaka iyeyuke. Jaribu kwanza kwenye miche mitatu, ungoje siku moja kuona kama majani hayaungui. Kisha nyunyizia jioni, ukihakikisha maji yanawafikia vidukari wenyewe. Sabuni isiyomgusa kidukari haimdhuru.

UTUPA, DAWA YA NYUMBANI

Huku kusini tunao mmea ambao wazee wetu wanaujua vizuri, nao ni utupa. Tunaujua kwa matumizi mabaya, yaani kuvulia samaki kwa sumu, jambo ambalo sheria inalikataza. Lakini sumu hiyo hiyo huua wadudu. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, walitangaza matokeo ya majaribio yao ya utupa na mimea mingine kwenye maharage. Mavuno yalilingana na ya shamba lililopigwa dawa ya dukani, na wadudu marafiki hawakupungua kama kule kwenye dawa ya dukani.

Utayarishaji ni huu. Chuma majani, yaanike kivulini, kwani jua huharibu nguvu yake. Yakikauka yatwange. Kilo moja ya unga huo iloweke katika lita 10 za maji usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili igande kwenye jani, kisha nyunyizia jioni, ukianzia chini ya majani. Tumia siku hiyo hiyo, isilale.

Lakini sikilizeni vizuri. Dawa kutokana na mti bado ni sumu. Kinu na chombo utakachotumia visirudi jikoni. Nawa mikono. Usimwage masalia wala kuosha chombo mtoni, utaua samaki, na maji yale yananywewa na wenzako walio chini. Baada ya kunyunyizia utupa, ngoja angalau wiki moja kabla ya kuvuna.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, watafiti waliichunguza mitupa ya wakulima. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 walionyesha kuwa kuna namna mbili za utupa zinazofanana kwa macho, na karibu robo ya mitupa waliyoichunguza haikuwa na sumu inayoua wadudu. Kwa hiyo mkulima mmoja anasema utupa unafaa, jirani yake anasema haufai, na wote wawili wanasema kweli.

JARIBIO LA VIKOPO VIWILI

Utajuaje kama utupa wako unafaa? Utajuaje kama dawa ya dukani bado inaua viwavi wa bustani yako? Njia ni rahisi, nami nilimfundisha mama pale pale.

Tafuta vikopo viwili vyenye vifuniko, uvitoboe matundu madogo sana ya hewa. Chukua majani mawili safi ya kabichi yasiyopigwa dawa. Jani moja lichovye kwenye dawa iliyochanganywa kwa kipimo chake. La pili lichovye kwenye maji yenye sabuni peke yake. Yaache yakauke. Weka kila jani katika kikopo chake, na katika kila kikopo tia viwavi kumi wa ukubwa unaolingana. Vaa glovu, na vikopo viweke mbali na watoto. Baada ya siku mbili fungua uhesabu.

Kama kikopo cha dawa kina viwavi tisa au kumi waliokufa, na kile cha maji karibu wote ni wazima, dawa hiyo bado ina nguvu. Kama katika kikopo cha dawa wapo watano au sita wanaotembea na kula, basi usitupe fedha yako. Mama alipofanya jaribio hili kwa ile chupa yake ya saba, viwavi saba kati ya kumi walikuwa wazima. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sita nilizopiga, bwana shamba, ni kama nilinunua maji."

IKIBIDI DAWA YA DUKANI

Sisemi kwamba dawa ya dukani ni haramu. Ikibidi, itumie kwa akili. Kwa viwavi iko dawa itokanayo na bakteria, iitwayo kwa kifupi Bt. Huua viwavi wanaoila na jani, na haiwadhuru nyigu wala wale wenye madoa. Ipige jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha, na usishangae ukiona kiwavi hafi papo hapo. Kwanza huacha kula, kisha hufa baada ya siku mbili au tatu. Hata Bt isitumike peke yake msimu mzima. Mgongo-almasi amekwisha izoea katika nchi nyingine zilizoitumia mfululizo.

Dukani uliza dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji. Soma kibandiko, au mpe mwanao akusomee. Tazama mstari wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ni hatari kubwa kabisa, inafuata manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Tafuta mahali palipoandikwa siku za kungoja kati ya kupiga na kuvuna. Zikiandikwa siku saba, ni saba. Si mbili kwa sababu Jumamosi ni siku ya soko. Vaa nguo za mikono mirefu, buti, glovu na kitu cha kufunika pua na mdomo. Usipige dhidi ya upepo. Chupa tupu ikishaoshwa itobolewe, isiwe ya kuwekea mafuta ya kula.

MAMA ALIFANYAJE?

Jioni ile mama hakupiga dawa. Jumamosi hakwenda sokoni, na nilimwona lilivyomwuma. Tuliokota viwavi kwa mikono kwa siku tatu, yeye, wanawe na mimi, kisha akapiga Bt mara mbili kwa kupishanisha juma moja, chini ya majani, ikiwa na sabuni kidogo. Alingoja siku zilizoandikwa. Katika kabichi 800 alivuna kiasi cha 500 za kuuzika. Hakupata alichokipanga. Sare na madaftari vilipatikana, mchango wa chakula alilipa nusu, nusu akaomba asubiriwe.

Mwaka uliofuata alipanda mapema, mwezi wa Mei, ili kabichi ifunge moyo wakati wa baridi. Kila Jumatatu asubuhi alipita na daftari la mwanawe akihesabu miche 20. Msimu wote alipiga dawa mara mbili tu, badala ya sita. Nilipomtembelea alinishika mkono akanipeleka kwenye tuta la katikati, akageuza jani. Chini yake alikuwepo yule mwenye umbo la mamba, anakula vidukari.

"Askari yuko kazini," akaniambia. "Tumwache."

Ndugu wakulima, waliotutangulia walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nasi tuongeze kwamba anayekulinda naye yuko hapo hapo nguoni, basi tuwatambue wote wawili kabla ya kuinua bomba. Na wenzangu mabwana shamba na mabibi shamba mnaosoma haya, teremkeni bondeni mgeuze majani pamoja na mkulima. Ukisimama barabarani hutamwona mdudu.

Kwa vikundi vinavyosoma pamoja, jadilini maswali haya:

1. Katika bustani zetu, ni mdudu gani anayetusumbua zaidi, na tumejuaje kuwa ndiye?

2. Msimu uliopita kila mmoja wetu alipiga dawa mara ngapi, na kabla ya kuvuna alingoja siku ngapi?

3. Nani kati yetu ana utupa, na ni lini tutaufanyia jaribio la vikopo viwili?

Safari ijayo tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za mboga. Mpaka hapo, kwa herini, na kazi njema.